Kidole cha Fundi

Fundi aliyapima matairi mapya ya nyuma gari likiwa tupu. Yalikuwa mapana hasa, lakini kidole chake kilipita kati ya tairi na ukingo wa bodi, akajigamba mbele ya gereji nzima.

"Shemeji, wewe kiboko!" alisema mwenye gari, akishika usukani.

Mkewe, dada yake fundi, akajikunja kwenye kiti cha nyuma na mtoto. Gari likadidimia.

Fundi akainama kama anayeokota spana, akajaribu tena kupitisha kidole. Hakikupita. Bati la ukingo lilikuwa limekandamiza mpira wa tairi, kali kama wembe.

Wenzake walikuwa wanapiga makofi.

"Kaka, tuondoke?" dada aliuliza.

"Nendeni tu, matairi yapo sawa," alisema, akificha nyuma ya mgongo kidole kilichokuwa kinavuja damu.