Sindano ya Mume

Mwanasha alitoka chumbani kwa nesi akichechemea, mkono mmoja nyuma pale ilipoingia sindano, mwingine juu ya mimba ya miezi sita. Kipimo cha damu cha jana kilikuwa kimeonyesha kaswende.

Mumewe alikuwa mlangoni pa zahanati, juu ya pikipiki. Mwanamume mzima, hataki hata kushuka.

"Nesi anakuita. Nawe udungwe."

"Mimi siumwi popote. Halafu wewe umeshadungwa. Mke na mume damu ni moja, dawa imeshanifika."

Bibi mmoja aliyekuwa akingojea kwenye benchi akacheka. "Loo! Basi na mimba ungeibeba wewe, baba, maana damu ni moja."

Mume akafyonya.

"Usipotibiwa utaniambukiza tena," alisema Mwanasha. Alikuwa amelisema jana, amelisema njia nzima, na sasa sauti ilikuwa inamkauka. "Wa kwanza tulimzika kabla hajalia. Na huyu je?"

"Panda twende. Nina abiria ananingoja kule Waa."

Mwanasha akamtazama. Kisha akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa pikipiki, ule wenye kamba nyekundu, akarudi ndani upesi kuliko alivyotoka.

Alipotokea tena mikono ilikuwa mitupu. Akaketi kando ya bibi, kwa upande usiouma.

"Mwanasha! Lete ufunguo!"

"Uko kwa nesi, bwana. Ingia ukauchukue."