Maji ya Kisima cha Juu

Mara ya tatu kichupa kilizama, na mara ya tatu maji mekundu yaligoma kupanda.

"Umekosea tena," baba alisema. "Mwalimu alisemaje?"

Binti alinuna. Mwalimu alisema chini kabisa ya bahari kuna matundu yanayotema maji ya moto, nayo hupanda kama moshi katikati ya maji baridi. Ukitaka kuyaona nyumbani, jaza jagi la kioo maji baridi, halafu tumbukiza kichupa cha maji ya moto yenye rangi. Basi. Alikuwa ametia maji ya chupa ya chai, moto wa kunyweka, lakini wekundu ulijikalia mle mle kichupani. Alipangusa ukungu kwenye jagi kwa mkono wa sweta, akachungulia tena. Hakuna kitu.

Baba alikuwa amechoka, ila kwa kitinda mimba wake hana ubavu wa kukataa. Yeye ndiye mlinzi wa kisima cha juu. Tangu mlima wa volkano uanze kunguruma na kipimajoto cha ofisi kuvunjika, kila alfajiri huchovya mkono kisimani. Maji yakiwa baridi, hupandisha bendera nyeupe. Yakipata moto, ni nyekundu, na mtaa mzima ukimbie. Watu wanamwamini kuliko kipimajoto chenyewe, naye hilo linamvimbisha kichwa kidogo.

Jirani alisimama mlangoni, mtoto mgongoni. Wiki nzima alikuwa akilala na mabegi miguuni.

"Shemeji, tufungue mizigo?"

"Fungueni. Nimeyashika kwa mkono huu huu. Baridi."

Jirani alishusha pumzi, karibu alie kwa furaha, akarudi kwake.

"Tatizo lako ni moto, mwanangu," baba alisema. Aliinua birika lililokuwa likichemka jikoni, kiganja kikiwa kimelikumbatia ubavuni.

"Baba, kitambaa!"

"Cha nini? Miaka ishirini nimefua vyuma. Viganja hivi ni soli za viatu."

Alicheka. Binti hakucheka. Alikuwa akilitazama jagi.

"Baba, haya maji baridi umeyatoa wapi?"

"Kisimani. Nimeteka sasa hivi nikishuka."

Binti alichovya kidole kwenye jagi. Alikichomoa upesi, akakitia mdomoni, macho yakiwa dirishani, kule juu ambako bendera nyeupe ilikuwa ikipepea.