Mgomba Uliozikwa kwa Jina la Byamungu

Saa tatu ya asubuhi ilimkuta Byamungu amesimama nje ya uzio wa mama yake, mikono imening'inia, hasemi kitu. Mlango ulikuwa hatua thelathini tu mbele yake. Alikuwa ametembea siku tisa kutoka misitu ya Walikale ili aufikie, na sasa hakuruhusiwa kuugonga.

Mama Brigitte, jirani yao, ndiye aliyempa habari. Walikutana mtoni chini ya kilima, mama huyo akielekea soko la Kitshanga na kapu la maharage mgongoni. Alipomwona, kapu likamwanguka.

"Yesu wangu! Byamungu? Weye tulikulilia! Tulizika mugomba kwa jina yako, hata padiri alikuya!"

Maiti yake ilikosekana, basi ukoo ukakata mgomba, ukauvika sanda, ukauzika nyuma ya nyumba. Na kwao, mtu aliyekwisha kuliliwa haingii hivihivi kama mgeni wa Jumapili. Anasimama nje ya uzio na kufunga mdomo. Mama yake mzazi ndiye anayetoka kumwita jina lake, mara tatu. Akiitwa, amekuwa mtu tena. Asipoitwa ni mzuka, na mzuka hausalimiwi wala haupewi hata maji.

"Usikuwe na woga," Mama Brigitte alimwambia, akiokota maharage huku anacheka na kulia. "Mama yako atakuita mupaka koo ikauke. Ila toka siku tatu hatumuone kwa shamba. Jana nilienda kumuomba moto, akanijibia kwa mulango, hata kuingia akanikatalia. Labda iko mugonjwa."

Byamungu akapanda kilima. Alikuwa amekaa porini miaka minne na kundi la wapiganaji lililomchukua akitoka shambani. Siku ya kutoroka aliiacha bunduki imeegemea mti, lakini vita havikubaki pale pamoja nayo. Tangu hapo hakuweza kulala chini ya paa. Pikipiki ikilia barabarani, alijikuta amelala kifudifudi kwenye nyasi, meno yanagongana. Kule Walikale kulikuwa na nyumba moja aliyoichoma kwa amri bila kuchungulia ndani kwanza. Alichungulia baadaye.

Hilo hakumwambia mtu. Hakutaka msamaha wa serikali wala wa padiri. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake amwite jina. Huenda akiitwa, yule aliyechoma nyumba angebaki porini, na mtoto wa mama yake, Pétronille, angeingia ndani, akalala.

Alingoja. Kwenye kibanda cha jiko sufuria kubwa, ile ya siku za sherehe, ilikuwa inachemka, ingawa mama aliishi peke yake. Byamungu akafikiri labda ameshapata habari, amempikia yeye.

Mlango ukafunguka kidogo. Pétronille akatoka, akaurudishia nyuma yake. Amekonda, jamani, amebaki mifupa! Akaja hatua kumi, akasimama, akamtazama.

"Unatafuta nani?"

Alisema kwa sauti kubwa, utadhani anaongea na kiziwi.

Byamungu akavua kofia ili amwone uso vizuri. Mama akauona. Akautazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua.

"Hapa hapana muntu wako," akasema. "Nilizaa mutoto mwanaume mumoja tu, na ndiyo ule nilizika kule nyuma. Toka!"

Byamungu akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kwake. Mama akainama, akaokota bonge la udongo, akalirusha. Lilianguka mbali naye.

"Nasema toka! Rudia kule ulitoka! Pita na musitu, usinikanyangie mihogo! Na hapa usirudie tena, hata siku moja, hata ukisikia nimekufa!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni. Byamungu aliyaona, akajua ni ya chuki. Mama amemtazama usoni na ameiona ile nyumba inawaka. Nani angemdanganya mama mzazi? Kilichorudi si mtoto wake, naye amekitambua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Akavaa kofia yake, akageuka, akashika njia ya msitu. Alijikaza mpaka alipopita mashamba ya watu. Huko ndiko alikokaa chini akalia kwa sauti, mwanaume mzima, akijipiga kifua kwa ngumi. Kisha akainuka akaendelea, maana hakuwa na mahali pengine pa kurudi.

Pétronille alibaki uani mpaka kofia ile ilipopotea kwenye miti. Akajifuta uso kwa kitenge, akaingia ndani.

Nyuma ya mlango, wanaume watatu waliotumwa na kundi la porini kumkamata mtoro wasiyemjua kwa sura wakashusha bunduki.

"Haiko yeye," mkubwa wao akasema, akirudi kukaa. "Ingekuwa yeye, mama angemuita. Haya mama, pakua chakula. Tutamungojea tu."