Sauti Iliyomezwa na Mkanda

"Toka hapo!"

Fundi wa mashine ya kusaga nafaka alimrukia binti yake, akamnyakua na kumtua juu ya magunia ya pumba. Mkanda wa mashine ukapita patupu, ukiunguruma kama mtu aliyenyimwa chakula.

Mkanda ule ulikuwa mlafi. Ulishakula kofia mbili na tai ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu mwenyewe aliponea chupuchupu, jambo ambalo wanafunzi wake hawajamsamehe fundi mpaka leo.

Mtoto alilia hadi akalala. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, na neno lake la kwanza, alilolirudia kutwa nzima, lilikuwa "Baba". Baada ya siku ile neno hilo likaanza kufifia. Likawa mnong'ono. Mwishowe midomo yake ikabaki kuchezacheza tu, kana kwamba anatafuna hewa.

Fundi alijua kosa ni lake. Siku ile alimkemea mtoto kama anayefukuza mbuzi shambani, na hofu ikamfunga ulimi.

"Hofu gani, kaka?" dada yake alimwambia, kwa ile sauti yake ya kunadi mitumba. "Kwangu anasema kama redio iliyokwama!"

Maneno hayo yakamchoma zaidi. Kumbe ulimi anao. Anayenyimwa ni baba peke yake.

Basi akaapa kwamba angalau mkanda hautampata. Akauzungushia wavu wa chuma, akatia komeo, akapiga komeo kofuli. Afisa wa afya alipokuja kukagua alikaribia kumpigia saluti. Kisha akatoa kitambaa cha kufunika pua na viziba masikio.

"Vumbi na kelele, fundi, vinakula mtu polepole!" alipaza sauti kuishinda mashine.

"Vije vinikute mzee. Huu mkanda hauna subira hiyo. Nikiziba masikio, nitajuaje umeanza kuteleza?"

"Miaka inapita, fundi!"

"Na kidole kinakatika leo."

Afisa akarudisha kitambaa na viziba masikio mfukoni. Akaenda zake akijipangusa unga.

Miaka ikapita kweli. Asubuhi ya kuanza shule, binti alikuja kumuaga baba yake, sare imempwaya, soksi zimevutwa hadi magotini. Fundi alikuwa anamimina mahindi. Alipoinua macho, akaona mkanda umesimama. Umeme ulikuwa umekatika, na wateja wote wanamtazama.

Akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akapiga magoti mbele ya mtoto, nyusi zimejaa unga kama babu wa maigizo ya shule.

"Nisamehe, mwanangu. Siku ile sikutaka kukutisha, nilitaka ubaki na mikono yako. Niite mara moja tu, nisikie, kisha uende."

Binti akamtazama. Midomo ikacheza. Ikacheza tena, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamchuruzika hadi kwenye kola mpya.

Fundi akasubiri. Akasubiri sana.

Mteja mmoja akaweka ndoo yake chini, akamwinamia, akakaza sauti sikioni mwake: "Fundi! Mtoto anakuita 'Baba' mpaka watu wa barabarani wamegeuka. Mbona humwitikii?"