Simu ya Tano

Nukta ya simu ya mama yake ilianza kutetemeka kwenye ramani, na binti akacheka peke yake pale ofisi ya tahadhari ya matetemeko. Mama huyu na cherehani chake!

Simu za wakazi wa mlimani zilikuwa zikipima zenyewe mtikisiko wa ardhi. Moja si kitu, lakini zikitikisika tano pamoja, king'ora hulia na watu hukimbia. Tatizo mama hasikii la mwadhini: simu lazima aiweke juu ya meza ya cherehani, akikanyaga pedali siku nzima, nayo hutikisika bure. Mwezi uliopita binti alichoka, akaiondoa simu ile kwenye hesabu kwa mkono wake mwenyewe, nukta yake ikabaki ya kijivu.

Sasa nukta nyingine ikatetemeka. Halafu mbili. Halafu nne. Nyingine hazikuwapo; mchana wenye simu huenda nazo mjini.

Akapiga. "Shikamoo mama. Leo unashona mahema?"

"Marahaba, mwanangu. Nishone na nini? Cherehani kiko kwa fundi tangu juzi. Hebu subiri, mbona vikombe vinagongana kabatini?"

"Mama, toka nje! Toka sasa hivi!"

"Unasemaje? Sikusikii, vikombe hivi vinapiga kelele."

Kidole cha binti kilikuwa kimeshabonyeza "Rudisha", ili simu ya mama ihesabiwe tena. Kiduara kikazunguka kwenye kioo, kikazunguka. Nukta nne nyekundu na moja ya kijivu zilitetemeka pamoja, na king'ora kimya.

"Mama!"

Sikioni mwake, vikombe vikanyamaza vyote mara moja, na kwenye ramani nukta ya kijivu ikazimika.