Majani ya Meneja

Fundi alipiga magoti nyuma ya pazia la sebuleni, akainamia chungu cha maua, akang'ata. Alitafuna amefumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu. Pembeni yake Meneja alikuwa amekaa, mkia ameuzungusha miguuni, akimtazama bila huruma.

"Usinitolee macho," Fundi alimnong'oneza. "Hii ilikuwa kazi yako."

Meneja alikuwa paka. Jina hilo alipewa na Fundi mwenyewe, kwa vile kila asubuhi alizunguka vyumba vyote akikagua, kisha akaenda kulala bila kufanya lolote. Aliletwa na shemeji, dada wa mkewe, wakati Fundi alipostaafu kazi ya kutengeneza lifti na kuanza kushinda nyumbani akigombana na redio. Tangu paka aje, redio ilipumzika. Wawili hao walibanana kwenye kochi moja, wakagawana samaki, na Fundi, aliyekuwa bahili wa maneno hata kwa wanawe, akawa anapiga soga mchana kutwa.

Balaa lilianza siku Meneja alipotapika donge la manyoya katikati ya zulia.

"Paka anahitaji majani," mkewe alisema. "Yanamsafisha tumbo. Wa nje anajitafutia. Huyu wa ndani ni juu yetu kumpandia."

Akalivalia njuga. Kwanza aliyatoa mayungiyungi yake aliyoyapenda kama wanawe, kwa sababu ni sumu kwa paka. Kisha akapanga vyungu dirishani: ngano, shayiri, rehani, saladi. Aliyamwagilia, akavigeuza vyungu vifuate jua, na majani yalipoanza kukomaa alipanda mengine ili yasikosekane machanga.

"Yote salama," alijisifu. "Hata akimaliza chungu kizima hadhuriki."

Meneja aliyanusa, akayapa kisogo.

"Basi," mkewe akasema, "dada kasema asipokula arudishwe. Kwake kuna uwanja, atajilia nyasi. Hatuwezi kumtesa kiumbe kwa ajili ya soga zako, baba watoto."

Fundi hakuwa tayari kumpoteza Meneja. Mchana ule, mkewe alipotoka, alichuma konzi ya majani akaitupa kwenye ndoo ya taka.

"Paka wako ana adabu," mkewe alimwambia aliporudi. "Anachuma majani, anayatupa, halafu anafunika ndoo."

Kesho yake Fundi aliyarusha dirishani. Haukupita muda, jirani wa ghorofa ya chini akapanda ngazi akiwa na shuka lake jeupe, bichi, limepambwa kijani. Siku iliyofuata aliyamwaga chooni. Choo kikaziba. Fundi akakizibua mwenyewe, mkewe amesimama mlangoni.

"Kulikuwa na nini humo?"

"Hakuna kitu."

"Na hicho kijani?"

"Sabuni."

Ikabaki njia moja tu, nayo ilikuwa chini ya pua yake.

Sasa, Fundi hakuwa mtu wa majani. Tangu utotoni aliyasukuma ukingoni mwa sahani. "Mimi si mbuzi," ndiyo ilikuwa kauli yake, hata kwa daktari wake wa presha, na mkewe alikuwa ameshachoka kumbembeleza. Lakini kila mkewe alipotoka, naye siku hizo alitoka kwa kutangaza, "Natoka, baba watoto, nitachelewa!", Fundi alikwenda nyuma ya pazia. Ngano ilikuwa sawa na kutafuna mkeka. Rehani ilimpanda puani. Saladi, kusema kweli, haikuwa mbaya, hasa akiifungia kipande cha samaki. Alijifunza hata kung'ata upandeupande, ili ionekane kazi ya paka.

"Amekula!" mkewe alishangilia kila aliporudi. "Meneja wangu amekula!" Akambeba paka, akambusu, akampa minofu, huku Fundi akibana mbeuo wa shayiri.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Meneja alinenepa kwa sifa asizozitolea jasho. Fundi aliingiza mkanda matundu ya ndani zaidi, akafikiri ni mawazo yanamkondesha. Maana mawazo alikuwa nayo. Kumdanganya mwanamke anayefurahi kiasi kile kulimkaba kooni kuliko ngano. Mwishowe alimfuata jikoni alikokuwa akiloweka mbegu.

"Mama watoto, nina neno."

"La Meneja?" Mkewe hakuinua kichwa. "Maana anavyokula siku hizi, habari za kumrudisha nimeshazisahau kabisa."

Fundi aliangalia chini. Paka alipita katikati ya miguu yake, akamsugua kwa ubavu.

"Nilitaka kukwambia rehani inakaribia kwisha."

"Ahaa. Nitapanda nyingine."

Asubuhi moja Fundi alitoka kwenda kuwasalimia wenzake wa kazini, akafika chini ya ngazi ndipo alipokumbuka miwani. Akarudi, akafungua mlango taratibu, asije akamshtua Meneja usingizini. Mkewe alikuwa kwenye kochi, amempa mlango mgongo, paka mapajani, simu sikioni.

"Nani, paka? Hajagusa hata jani moja, dada, wala sikutegemea aguse," alikuwa akisema. "Lakini presha ya shemeji yako imeshuka mpaka daktari kashangaa. Sasa nitafutie mbegu za spinachi, nitamwambia kuwa Meneja kakutwa na upungufu wa damu."