Jibu la Kwanza

Siku hizo nchi zilitumiana wakaguzi wa haki za binadamu, wakipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ilihesabiwa jibu lake la kwanza tu. Bi Mwanaidi alimngoja mkaguzi akiwa na neno moja: mwanawe Shaweji alichukuliwa na askari akitoka msikitini, na hajaonekana tena.

Mgeni akabisha hodi, kijana wa nchi ya mbali, kifuani kinasa sauti chenye taa ya kijani.

"Shikamoo, bibi. Habari za hapa nyumbani?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri tu, karibu."

Taa ikazimika.

"Haya, kaa unywe chai, nikueleze yaliyotufika."

Kijana akainamisha kichwa. "Bibi, jibu limeshakwenda."

"Lipi? Ile si salamu tu! Nani anamlilia mgeni mlangoni, hata hajakaa?"

Saumu, mke wa Shaweji, akageukia ukuta.

Mgeni alikunywa chai, akasikiliza yote, machozi yakamlenga. Kisha akaaga, akaelekea kwa jirani, Mama Tabu, ambaye binti yake naye alichukuliwa.

Bi Mwanaidi akakurupuka kumwonya. Hajafika uani kwa jirani, akaisikia sauti ya ukarimu ya Mama Tabu:

"Njema, baba, pita ndani."